Mita ya maegesho inayojua kusema "sijui": shajara ya yadi ya nafasi 14, Tanga

8 Februari 2025. Makubaliano

Yadi ni ya mzee mmoja wa Ngamiani, si mbali na Soko la Mgandini. Imetandikwa vitofali vya pevingi, ina mlango mmoja, kibanda cha bati, mwarobaini mmoja, na nafasi 14 zilizochorwa kwa rangi nyeupe. Mlangoni anakaa dada mwenye daftari. Gari likiingia anaandika namba na saa, likitoka anapiga hesabu: shilingi 500 kwa saa. Ugomvi hauishi, na karibu wote unahusu saa ya kuingia. Dereva anasema nimefika sasa hivi, daftari linasema vingine, na dada hana ushahidi zaidi ya mwandiko wake mwenyewe.

Mzee aliniita baada ya swala ya Ijumaa. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia: "Mwanangu, nasikia mijini kuna mita zinazoona gari zenyewe. Nifanyie hapa, watu waache kumtukana huyu binti." Nilikubali kwa sharti moja, kwamba kila kosa na kila shilingi nitaviandika ili fundi mwingine aweze kuiga. Naye akakubali.

Jambo moja kabla hamjaanza kuiga: hii ni yadi ya mtu binafsi. Maegesho ya kando ya barabara mijini yako chini ya mamlaka za serikali, na malipo yake yanakwenda serikalini. Usiende kuchimba barabara ya umma kwa sababu umesoma shajara hii.

Mita ya kwanza ya maegesho iliwekwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935. Ilikuwa na kazi moja, kuhesabu muda wa sarafu iliyotumbukizwa. Gari likiwapo au lisiwepo, haikujua. Yetu inatakiwa kufanya kazi nne: kuona gari, kujua saa sahihi, kupatanisha malipo na gari, na kutoa habari kwa dereva na kwa mwenye yadi. Nilidhani ngumu kuliko zote ingekuwa malipo. Sivyo ilivyokuwa.

15 Februari. Kihisi cha sauti: kimeshindwa

Nilianza na kilicho rahisi kupatikana, JSN-SR04T, kihisi kinachopiga sauti ya 40 kHz isiyosikika na kusubiri mwangwi wake. Kinavumilia maji na hupima umbali hadi mita kadhaa. Nilikifunga kwenye nguzo ya chuma yenye kimo cha sentimita 60, mbele ya nafasi namba 1.

Kwa magari kilifanya kazi vizuri sana. Lakini Tanga ni mji wa baiskeli. Mtu anakuja sokoni, anaona nguzo, anaegemeza baiskeli yake, na mita inahesabu gari. Mama akisimama na kapu kusubiri bajaji, gari. Siku ya kwanza mita iliandika maingizo 61. Daftari la dada lilikuwa na 7.

Nikaongeza sharti kwamba kitu kikae dakika moja ndipo kihesabiwe. Wapita njia wakatoka kwenye hesabu, baiskeli zikabaki. Sauti inajua umbali tu, haijui kitu kilichopo ni nini. Nimeiacha.

Gharama: kihisi 22,000, nguzo na kuchomelea 35,000. Nguzo imebaki, tutaitundikia bango la bei.

23 Februari. Sumaku, na kihisi kisicho chenyewe

Chuma cha gari kinapinda uga wa sumaku wa dunia. Hapa pwani uga huo ni takriban mikrotesla 33, hafifu kuliko wa nchi za kaskazini ya mbali, lakini unatosha. Kihisi kikizikwa katikati ya nafasi, gari dogo likisimama juu yake usomaji unaruka kwa mikrotesla 8 hadi 20. Baiskeli haifikishi hata 1. Mantiki yote ya mradi imekaa kwenye tofauti hiyo.

Niliagiza Kariakoo vihisi sita vilivyoandikwa HMC5883L, vikaja kwa basi. Nikaviunga na ubao mdogo wa ATmega328P wa 3.3 V, nikapakia programu, nikapata sifuri tupu. Nilibadilisha waya, nikabadilisha ubao, nikalehemu upya miguu yote. Siku mbili zimepita hivyo.

Tatizo halikuwa langu. Bango linasema HMC5883L, ila chipu iliyopo juu yake ni QMC5883L. Ya kwanza huitika kwenye anwani 0x1E, hii huitika kwenye 0x0D, na mpangilio wa rejista zake, yaani vyumba vinavyotunza namba ndani ya chipu, ni tofauti, kwa hiyo kubadilisha anwani peke yake hakutoshi. Lazima utumie maktaba ya programu iliyoandikwa kwa ajili ya QMC. Kabla ya kulehemu chochote, endesha programu fupi ya kutafuta anwani kwenye nyaya za I2C, zile mbili ambazo kihisi na ubao huzungumza kupitia kwazo. Inachukua dakika tano. Mimi ilinigharimu siku mbili na moduli moja niliyoichoma kwa joto la pasi ya kulehemu.

Gharama: vihisi sita 54,000, nauli ya mzigo 5,000.

12 Machi. Gari lisilokuwapo

Vihisi viwili, nafasi ya 1 na ya 2, vimekuwa ardhini wiki mbili ndani ya kofia za bomba la plastiki la inchi nne. Watoto wa mtaani wanaviita vijungu. Jina zuri, nimelichukua.

Kosa la wiki hii nalieleza kwa urefu kwa sababu naamini kila anayejenga kitu hiki atalifanya.

Kihisi cha bei nafuu husogea na joto. Pevingi za Tanga saa saba mchana hazikanyagiki kwa mguu mtupu, na usomaji wa nafasi tupu ulitofautiana hadi mikrotesla 5 kati ya alfajiri na mchana bila gari lolote. Ukiweka kizingiti kisichobadilika, jua litahesabiwa kama gari. Dawa inayojulikana ni kuacha kiwango cha "tupu" kijirekebishe polepole, kifuate joto.

Nilifanya hivyo, ila sikukizuia kujirekebisha gari likiwa juu yake. Tumo ndani ya Ramadhani, na kuna muuza tende anayeleta gari lake asubuhi na kuliacha hadi karibu na kufuturu. Kijungu namba 2 kilikaa chini ya gari lile kwa muda wa saa tisa. Taratibu kilijifunza kwamba hali ile, yaani chuma juu ya kichwa, ndiyo hali ya kawaida, na adhuhuri kikatangaza nafasi iko tupu. Jioni gari likaondoka, usomaji ukaruka, kikatangaza kwamba gari limeingia. Kikaendelea kuhesabu muda usiku kucha kwenye nafasi iliyokuwa wazi, na asubuhi mtu wa kwanza kupaki pale alikuta deni la saa kumi na mbili linamsubiri.

Dada alilifuta kwa mkono na kumwomba radhi. Mimi nilisimama pembeni nikijisikia vibaya kweli kweli, kwa sababu daftari lake, pamoja na kasoro zake zote, halijawahi kumdai mtu fedha ya usiku ambao hakuwepo.

Marekebisho yako matatu. Kiwango cha tupu hugandishwa mara gari linapoingia. Usomaji wa gari kuondoka lazima urudi karibu na kiwango kilichogandishwa, si kubadilika tu. Na kila usiku wa manane, yadi ikiwa imefungwa na mlinzi amethibitisha kwa simu kwamba hakuna gari, vijungu vyote huanza upya.

29 Machi. Gari linameza mawimbi

Vijungu sasa ni sita. Kila kimoja kinatuma habari kwa redio ya LoRa ya 868 MHz, inayofika mbali kwa umeme kidogo, kwenda kwenye kipokezi kilichopo juu ya kibanda, mita 60 kwa nafasi ya mbali kabisa. Kipokezi kina ubao wa kompyuta ndogo wa ESP32, redio yake, na modemu ya SIM800L ya kutuma ujumbe mfupi.

Kwenye meza kila kitu kilifika. Kwenye yadi, habari za "gari limetoka" zilifika zote, za "gari limeingia" zikapotea karibu nusu. Niliangalia nguvu ya mawimbi nikaona jibu: nafasi ikiwa wazi kipokezi kinasikia kwa -72 dBm, gari likisimama kinasikia kwa -100 na chini yake (namba ikizidi kuwa hasi, mawimbi ni dhaifu zaidi). Yaani kijungu kinapaswa kuongea wakati uleule ambao sakafu ya chuma imekifunika mdomo.

Nilipandisha SF, kiwango cha LoRa cha kurefusha ujumbe hewani, kutoka SF7 hadi SF9. Ujumbe unakuwa mrefu zaidi hewani na unakula betri zaidi, lakini unasikika ukiwa dhaifu. Nikaweka jibu la "nimepata" kutoka kwa kipokezi, kijungu kisipolisikia kinarudia hadi mara nne, kila mara kikisubiri sekunde za kubahatisha ili vijungu viwili visigongane. Tena kila nusu saa kijungu husema hali yake hata kama hakuna kilichobadilika. Usifike SF12 kwa tamaa ya umbali: hata habari ya herufi chache inakaa hewani karibu sekunde moja au zaidi, na vijungu 14 vitaanza kuzibana midomo.

SIM800L nayo ilisumbua. Ilikuwa inajizima kila inapotuma ujumbe. Inapoita mnara huvuta umeme kwa mishtuko inayofika ampea 2, na kirekebishi umeme kidogo cha ubao hakiwezi kuutoa. Nimeipa kirekebishi chake cha LM2596 kilichowekwa kwenye 4.0 V, kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu kabisa na miguu yake, na waya fupi nene. Tangu hapo haijajizima.

9 Aprili. Masika

Mvua ya Jumamosi iliua vijungu viwili. Nilivifukua nikamwaga maji kama kikombe kimoja kila kimoja. Hiyo nilitarajia. Ambacho sikutarajia ni vile vinne vizima: navyo vilikuwa na matone ndani, ilhali sehemu zote za kuziba zilikuwa salama.

Nilikaa na fundi bomba mmoja mtu mzima wa Chumbageni, nikamwonyesha. Aliuliza swali moja: "Kikipata jua kinapumua wapi?" Hapo ndipo nilipoelewa. Mchana hewa ya ndani inapata moto na kujipenyeza nje kwenye upenyo usioonekana. Mvua inapiga ghafla, kijungu kinapoa, hewa ya ndani inasinyaa, na kinanyonya maji kupitia upenyo uleule. Silikoni nzuri haizuii unyonyaji wa namna hiyo ukirudiwa kila siku.

Nikaamua kuondoa hewa kabisa: kumimina gundi ya kuchanganya ya pande mbili ijaze kijungu chote. Kijungu cha kwanza nilikimimina kwa mkupuo. Gundi nyingi ikikauka pamoja hutoa joto lake yenyewe. Ilifuka moshi, ikapasuka katikati, na kihisi kikafa. Ya pili nilimimina tabaka za nusu sentimita, kila moja ikipoa kwanza. Imekaa vizuri.

Muundo wa sasa ni vyumba viwili. Ubao na kihisi vimezikwa kwenye gundi moja kwa moja. Betri iko kwenye bomba jembamba la pembeni lenye kofia ya kuzungusha, pete ya mpira na grisi, ili ibadilishwe bila kuvunja kitu. Antena haijazamishwa kwenye gundi, kwa sababu ikizamishwa masafa yake yanahama. Bao zote zimepakwa tabaka mbili za rangi ya kucha isiyo na rangi kabla ya gundi. Skrubu za kipokezi nimebadilisha zote kuwa za chuma kisichoshika kutu. Zile za kwanza, kwa hewa hii ya chumvi, zilikuwa nyekundu ndani ya wiki tano.

Na jambo moja la kusikitisha kidogo: kijungu cha kwanza nilikuwa nimekizungushia saruji ili kisiibiwe. Ilibidi kuvunja vitofali vinne kukitoa. Zika ndani ya mchanga chini ya pevingi. Mchanga unakishika vya kutosha.

Gharama: gundi 48,000, vijungu vitatu vilivyokufa takriban 150,000, vitofali 6,000.

19 Aprili. Betri

Kwa kifupi. Betri za kompyuta kuukuu zilianza kufa siku ya 31. Ubao mdogo una taa nyekundu inayowaka daima na kirekebishi umeme kisicho na kazi ukitumia moja kwa moja betri ambayo volti zake redio na kihisi vinazivumilia. Viwili hivyo vilikuwa vinakula zaidi ya miliampea 1 saa zote, hata kijungu kikiwa kimelala. Nimeving'oa kwa pasi. Sasa kikilala kinakula mikroampea chache, kinaamka kila sekunde tano kusoma sumaku, na wastani wangu ni kama mikroampea 25, sawa na 0.6 mAh kwa siku. Nimenunua betri mpya kwa 8,000 kila moja. Nimeacha kununua betri za kuchomoa kwenye kompyuta.

11 Mei. Saa kumi na nusu

Hili ndilo kosa lililonifundisha zaidi, na halikuwa la umeme.

Tulianza kupokea malipo ya mbele. Dereva anataja muda anaoutaka, analipa kwa lipa namba, dada anaingiza namba ya gari na ya simu kwenye simu yake, na mfumo unamtumia dereva ujumbe. Akizidisha muda anaongezewa kwa dakika, na kijungu ndicho kinachosema ametoka lini. Saa ya kipokezi inatoka kwenye chipu ya saa ya DS3231, ambayo haipotezi hata dakika mbili kwa mwaka. Nilikuwa na uhakika kwamba upande wa saa tumemaliza.

Baba mmoja wa makamo, mwenye Noah, aliingia saa mbili na nusu asubuhi na kulipia saa mbili. Ujumbe ukamwendea: "Muda wako unaisha saa 10:30." Alirudi saa tisa alasiri akiwa ametulia kabisa, akakuta deni la ziada la 2,250. Alitoa simu yake, akaniwekea mbele ya macho.

"Kijana wangu, soma mwenyewe. Mita yako imeniambia saa kumi na nusu. Sasa hivi ni saa tisa. Deni latoka wapi?"

Hakuwa na kosa hata chembe. Mtu akiona 10:30 kwenye kioo cha simu yake anajua mwenyewe kwamba ni saa nne na nusu. Lakini ukimwandikia neno "saa" mbele yake, umemwambia kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili saa kumi na nusu ni jioni. Nilikuwa nimechanganya saa mbili za dunia mbili kwenye sentensi moja, kisha nikamtoza mtu kwa kuisoma vizuri. Tulifuta deni, na mzee mwenyewe akatoka kibandani kumwomba radhi.

Sasa ujumbe unaandika kwa maneno: "Muda wako unaisha saa nne na nusu asubuhi." Kuigeuza saa kulihitaji uangalifu. Nilitoa 6 kwenye saa ya mashine na kuchukua baki ya kugawanya kwa 12. Saa 6:00 na 18:00 zikawa "saa sifuri", na mlinzi aliyejaribu saa 5:00 alfajiri akapata "saa hasi moja", kwa kuwa C, lugha ya programu niliyotumia, huacha baki iwe hasi. Njia sahihi ni kuongeza 6 badala ya kutoa, kuchukua baki ya 12, na baki ikiwa sifuri kuandika kumi na mbili. Kisha weka alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, daima. Bila neno hilo saa nne ya asubuhi na ya usiku ni moja.

Nimeona mita na programu nyingi zilizotafsiriwa Kiswahili zikifanya kosa hili. Tafadhali, anayetengeneza kitu kinachodai fedha kwa saa, aandike saa kama watu wanavyoitamka.

18 Mei. Namba za magari

Niliweka kichujio ili dada asikosee kuandika: T, tarakimu tatu, herufi tatu. Siku ileile kilikataa gari la Kenya lililoingia kupitia Horohoro, maana wao huanza na K na humalizia kwa herufi. Kisha STK la serikali. Kisha namba ya Z kutoka Visiwani. Kichujio sasa kinaonya tu, hakikatai. Mji wa bandari ulio karibu na mpaka hauwezi kuwa na kichujio kigumu.

24 Mei. Hali ya tatu

Mpaka hapa kijungu kilikuwa na majibu mawili, tupu au imejaa. Fuso la machungwa kutoka Muheza likisimama nafasi ya 5, kijungu cha nafasi ya 6 kinaona mikrotesla 3 au 4 za jirani. Umeme ukikatika na betri ya kipokezi ikiisha, vijungu vinaongea na hakuna anayesikia. Katika hali zote hizo mfumo ulikuwa unachagua jibu moja na kulisema kwa ujasiri, na mara nyingine jibu lile lilikuwa fedha ya mtu.

Nimeongeza hali ya tatu: sijui. Usomaji ukiwa kati ya mikrotesla 3 na 6, au kijungu kisiposikika kwa dakika 45, au kiwango cha tupu kikihama kupita kiasi, nafasi inageuka njano kwenye simu ya dada. Na muda wa njano hautozwi. Dada anakwenda kutazama kwa macho, anabonyeza gari lipo au halipo, na hesabu inaanzia hapo.

Mzee hakupendezwa mwanzoni. "Mwanangu, hiyo njano ni fedha yangu inayomwagika." Nilimwomba tufungue daftari la mwezi wa tatu tuhesabu madeni tuliyoyafuta kwa mkono baada ya ugomvi. Tukahesabu pamoja, na wateja aliowafahamu kwa sura ambao hawajarudi. Alifunga daftari akasema, "Basi iache njano."

Wiki mbili za kwanza njano ilikuwa kama dakika 50 kwa siku kwa nafasi zote sita. Kila nikiona njano naitafuta sababu yake, nairekebisha. Hali hiyo imekuwa kipimo changu bora cha afya ya mfumo kuliko namba nyingine yoyote.

Mtoto wa mzee aliuliza kama bei inaweza kupanda nafasi zikijaa. Kiufundi inawezekana. San Francisco, Marekani, walianza mwaka 2011 mradi wa SFpark uliotumia vihisi vya barabarani na kupandisha au kushusha bei ya mtaa kufuatana na nafasi zinavyojaa. Lakini ule ni mji mzima, dereva akikuta ghali hapa anasogea mtaa wa pili. Yadi yetu ni moja. Bei ikipanda mteja wa soko atapaki mdomoni mwa mtaro, na hilo halimsaidii mtu. Nimeshauri tusifanye, na wamekubali.

8 Juni. Namba za watu

Mwanaume mmoja alikuja kwa upole, akamwuliza dada gari fulani lilikuwa hapa siku gani na saa ngapi. Alikuwa na namba yake. Dada alinipigia simu kabla ya kujibu, na ninamshukuru kwa hilo.

Hatukumjibu. Lakini nilipofungua jedwali letu niliona kwamba tungeweza kumjibu hadi dakika, kwa siku 90 zilizopita, na kwamba jedwali hilo lilikuwa linafunguka kwenye simu tatu bila neno la siri. Nilijenga mita, kumbe nimejenga na daftari la nyendo za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nami nilikuwa nimeisoma juu juu kana kwamba inahusu mabenki tu.

Tangu siku hiyo, namba ya simu inafutwa gari likitoka bila deni. Namba ya gari inafutwa baada ya siku 14, muda tulioona unatosha kumaliza malalamiko. Kinachobaki ni nafasi, muda na kiasi. Jedwali lina neno la siri, na bango la bei kwenye ile nguzo ya Februari sasa linasema tunaandika nini na tunakifuta lini.

21 Juni. Nafasi zote 14

Vijungu vyote viko ardhini na upepo wa kusi umeanza, kwa hiyo joto limepungua na usomaji umetulia. Nitaupima tena kaskazi ikirudi.

Kijungu kimoja kwa muundo wa sasa: ubao 12,000, kihisi 9,000, redio 28,000, betri 8,000, bomba na kofia 7,000, gundi 3,000, vidogovidogo 3,000. Jumla 70,000, mara 14 ni 980,000. Kipokezi na paneli ya jua ya wati 20, betri ya 12 V na sanduku lake: 191,000. Vilivyoharibika na majaribio yaliyoachwa, nikihesabu kila kitu: 318,000. Kazi yangu haimo. Anayeanza leo kwa kufuata shajara hii nafikiri anaweza kuokoa sehemu kubwa ya hiyo 318,000, hasa akipima chipu kabla ya kulehemu na kumimina gundi kwa tabaka.

Bajaji bado hatuzitozi kwa mita. Chuma chao ni kidogo na tatu zinaingia kwenye nafasi moja, kijungu hakiwezi kuzihesabu. Dada anaziandika kwenye daftari kama zamani.

Nafasi ya 11 bado inageuka njano karibu kila alasiri. Leo nilikaa pale kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja nikitazama. Nyuma ya ukuta, upande wa duka la nafaka, kuna lori linalorudi kinyumenyume kushusha magunia, na tela lake linafika karibu mita moja na nusu kutoka kwenye kijungu. Kesho asubuhi, kabla soko halijachangamka, nitang'oa vitofali vitatu na kukisogeza sentimita 40 kuelekea katikati ya yadi.